Lori la Baba Asubuhi za Baridi

Huku Njombe ninakofundisha, baridi ya mwezi wa saba haina utani. Wiki iliyopita nilitoka nyumbani asubuhi nikiwa nimejifunga mitandio miwili, na nilipofika barabarani nikalikuta lori la mbao limesimama kando ya ukuta, dereva amekaa juu kimya, injini inanguruma pale pale bila kwenda popote. Moshi mweupe ulikuwa unatoka nyuma na kutambaa chini chini juu ya majani, kana kwamba unatafuta kitu kilichodondoka. Ile harufu ya dizeli isiyoungua vizuri ikanijia puani, nikasimama. Wanafunzi wangu walinipita, wakanisalimu, nikawaitikia bila kuwaona. Nilikuwa Bariadi. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa juu ya bampa la lori la baba yangu, miguu haifiki chini.

Wa rika langu mtayakumbuka malori yale ya pua ndefu, yenye boneti inayofunguka kama mdomo wa kiboko. Lori alilokuwa anaendesha baba lilikuwa la aina hiyo. Rangi yake ya kwanza ilikuwa buluu, ya pili ilikuwa kutu. Halikuwa letu. Lilikuwa la mama mmoja mfanyabiashara wa pamba aliyeitwa Mama Sayi, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mto. Lakini usiku lililala kwetu, kwa sababu kiwanja chetu kilikuwa kando ya barabara na mama yangu alikuwa halali usingizi mzito. Mimi nililihesabu kuwa ni la kwetu, kama nilivyowahesabu ng'ombe wa babu, na kwa kweli nililipenda kuliko ng'ombe.

Watu wa nje wakisikia Simiyu hufikiria jua tu. Hawajawahi kuamka kwetu wakati wa kuvuna pamba, upepo wa kipupwe ukiwa umepita usiku kucha juu ya mbuga tupu. Asubuhi maji ya ndoo yanachoma vidole. Ng'ombe wanatoa moshi puani. Na lori, ambalo baba alikuwa amelifunika boneti kwa magunia mawili na blanketi moja kuukuu, linakuwa limeganda kama jiwe.

Baba aliniamsha kwa kunishika kidole gumba cha mguu. Nilijifunga khanga ya mama shingoni, nikamfuata nje, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unaanza kuingia upande wa Meatu. Alitoa magunia, akayakunja vizuri, akanibeba na kuniweka juu ya bampa ili nisikanyage umande, kisha akapanda na kuzungusha ufunguo. Injini ilijivuta, ikakataa. Ikajivuta tena, nzito, kama mzee anayeinuka mkekani. Mara ya tatu au ya nne ikashika.

Lakini kushika kwake hakukuwa kuamka. Lilitetemeka lote. Injini iligonga ka-ka-ka, ikataka kuzima, ikashtuka, ikagonga tena bila mpangilio. Vioo vilicheza kwenye fremu zake. Kuku wa mama walikimbilia nyuma ya jiko. Na moshi mweupe ulijaa uani hadi nyumba yetu ikapotea, nikabaki mimi na lori na umbo la baba nyuma ya kioo. Nilikuwa nausikia mtetemo wa kile chuma kuanzia makalioni hadi kwenye meno. Sijawahi kupanda kitu chochote tangu hapo, hata ndege, kilichonipa furaha kama ile.

Baba alikuwa ananieleza mambo kama vile naelewa. "Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche, Minza. Inajiwasha yenyewe kwa joto lake. Sasa imelala baridi, joto itatoa wapi? Mafuta yanaingia, mengine yanaungua, mengine yanatoka hivyo hivyo. Ndiyo huo moshi mweupe. Ukiiharakisha unaiua. Unaiacha ingurume taratibu mpaka chuma kipate moto."

Kisha alishuka, akaja kusimama mbele yangu, mikono mfukoni, akaniuliza lile swali ambalo kwangu lilikuwa ndiyo siku yenyewe.

"Minza, leo linasema nini?"

Nikageuza sikio kwenye boneti. "Linasema mbeho, mbeho, mbeho."

Mbeho kwa Kisukuma ni baridi. Na kwa kweli ndivyo lilivyosema, kwa kukatakata, kama mtoto anayetetemeka. Baba alitikisa kichwa kwa heshima, kama aliyepokea habari kutoka kwa mkubwa. Tulingoja. Mama alituletea uji, mimi kwenye kikombe cha bati, baba kwenye bakuli. Tulikunywa. Akaniuliza tena.

"Na sasa?"

"Bado mbeho. Lakini kidogo kidogo."

Halafu ilifika dakika ambayo sikuhitaji kuulizwa. Kugonga kulipungua, sauti ikajipanga, ikawa moja, nene, tulivu, na moshi ukageuka kutoka mweupe ukawa hafifu, hauonekani. Nilirusha mikono juu. "Linasema tujage, tujage, tujage!"

Twende. Baba alicheka, akanishusha. Lakini bado swali moja.

"Na nyenje?"

Nyenje alikuwa anaishi ndani ya dashibodi. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Kila lori lilipowashwa alianza kulia, zzziii, kwa sauti nyembamba ya kuudhi, na alinyamaza ghafla baada ya muda. Nilidhani analia kwa sababu ya baridi na ananyamaza akishaota moto wa injini. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba ile ilikuwa kengele ya breki. Malori yale yanafunga breki kwa upepo, na injini ikilala usiku kucha upepo unaisha kwenye mitungi. Ukiwasha, pampu inaanza kuujaza, na kengele inalia mpaka ujae. Kulikuwa na mshale wa kuonyesha hayo, lakini wa lori letu ulikuwa umekufa zamani, umelala kwenye sifuri. Aliyebaki kusema ukweli ni nyenje.

"Amenyamaza, Baba."

"Amenyamaza kabisa?"

"Kabisa."

Hapo ndipo alipopanda, akatoa breki, akaondoka kwenda kupakia marobota ya pamba. Mimi nilibaki katikati ya harufu, nimejaa kiburi. Niliamini baba amebuni mchezo huu kwa ajili yangu. Wenzangu walikuwa na bao na rede. Mimi nilikuwa na lori linalozungumza, na baba ambaye hakuondoka mpaka nimwambie.

Kuna jambo jingine nililoliamini. Mama alikuwa akiongea na baba kwa kupaza sauti. Hata kumwambia chumvi imeisha, alisema kama yuko shamba la pili. Kwa kuwa sikuwa nimekaa kwenye nyumba nyingine, nilidhani ndoa huwa hivyo.

*

Mwaka ule mtoto wa Mama Sayi, Sayi mwenyewe, alikuwa anaoa msichana wa Kimali, huko Meatu. Mama Sayi alitangaza kwamba hatakodi basi wakati ana lori. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijachomoza sawasawa, watu walianza kuingia uani kwetu. Wanawake walivaa vitenge vya sare, rangi ya machungwa, na juu ya vitenge masweta ya kila aina kwa ajili ya baridi. Wanaume walikuja na ngoma mbili. Kulikuwa na masufuria, mbuzi mmoja aliyefungwa kamba, na shangazi mmoja mkongwe wa Sayi aliyebebwa na kiti chake na kupandishwa nyuma ya lori kama malkia. Sijui walikuwa watu wangapi. Walijaza bodi lote, wengine wakaning'inia pembeni.

"Mwangaluka, Masanja!" Mama Sayi alimsalimu baba. "Lori limeamka?"

"Linaamka, Mama. Asubuhi ya leo baridi imezidi."

Baba aliwasha. Siku ile lilisumbua kuliko siku zote. Lilishika, likazima, likashika. Lilipokubali, liligonga kwa nguvu hadi watu wa nyuma wakapiga vigelegele, wakadhani ni shangwe zao limezijibu. Ngoma zikaanza. Wanawake wakaimba wakiwa wamesimama, wakifuata mtikisiko wa injini, na moshi mweupe ukawapanda wakawa wanakohoa na kucheka na kuimba kwa pamoja. Nilikaa kwenye bampa langu, nimevaa gauni jipya, nikiwa na hakika kwamba hakuna mtoto mwingine wa Bariadi mwenye asubuhi kama yangu.

"Linasema nini?" Baba aliniuliza, amenikaribia zaidi kwa sababu ya kelele.

"Mbeho."

Tukangoja. Wimbo wa pili ukaisha. Wa tatu. Injini ikatulia, nikasema tujage, na baba akauliza habari za nyenje. Nilikimbia hadi mlangoni, nikapanda ngazi ya kebini, nikatega sikio. Nyenje alikuwa analia.

"Hajanyamaza."

Tukangoja tena. Mama Sayi alianza kutazama saa yake. Injini ilikuwa imeshapata moto, ikinguruma vizuri kabisa, lakini nyenje alilia tu. Nikashuka. Nilipokuwa napita karibu na tairi la nyuma kwenda kumwonyesha mama gauni langu, nilisikia sauti nyingine. Ilitoka chini, gizani, katikati ya vyuma. Sssssss.

Mtoto wa kwetu anafundishwa sauti ile kabla hajafundishwa kuhesabu. Miguu yangu iliganda, kisha ikakimbia yenyewe.

"Baba! Baba! Nyenje hanyamazi kwa sababu anaogopa! Kuna nyoka chini ya lori!"

"Nini?"

"Nyoka! Yuko pale kwenye tairi! Anafoka!"

Baba hakunisikia vizuri lakini mama mmoja aliyekuwa ananing'inia pembeni alinisikia. "Nzoka!" akapiga yowe. "Nzoka hasi!" Nyoka chini. Basi. Sijawahi kuona lori likishusha watu kwa kasi ile. Waliruka huku na huku, vitenge vya machungwa vikipepea, masufuria yakabingirika, mbuzi akakata kamba. Ngoma moja ilianguka na kuendelea kulia yenyewe hadi kwenye ua wa manyara. Shangazi mkongwe, ambaye dakika chache kabla alihitaji vijana wanne kumpandisha, alishuka peke yake. Mpaka leo hakuna anayejua alipitia wapi.

Baba alichukua fimbo. Wanaume wengine wakachukua mawe. Mama Sayi akapaza sauti, "Zima injini! Zima tumsikie alipo!" Baba akapanda, akazima, akashuka na fimbo yake, akainama kwenye tairi la nyuma na kuanza kuchungulia.

Kukawa kimya. Na katika kimya kile sauti ikasikika wazi, ndefu, kali, hata waliosimama barabarani waliisikia.

Sssssssssss.

"Mbona kimya?" Baba akauliza, akiwa bado ameinama, kwa ile sauti yake ya juu. "Ametoroka huyu. Sisikii kitu. Kuna mtu anasikia kitu?"

Sauti iliendelea, na baba aliendelea kupekua na fimbo, mkono mmoja umewekwa nyuma ya sikio, kichwa kimewekwa karibu kabisa na mahali ilipotoka. Nikaona watu wanatazamana. Nikamwona Mama Sayi, mdomo wazi, amemkazia baba macho. Sikuelewa. Nilidhani wote wameshagundua kwamba hakuna nyoka, na kwamba mimi, kwa kusema uongo, nimeharibu harusi.

Mama yangu ndiye aliyetembea. Alipiga magoti na kitenge chake cha sare kwenye vumbi, akaingiza mkono nyuma ya tairi, akautuliza hapo kidogo. "Si nyoka," akasema. "Ni upepo." Kisha akamshika baba mkono, taratibu, akauingiza palepale alipokuwa ameuweka wake.

Nilimwona baba akiusikia upepo ule kwa kiganja. Aliganda. Aligeuza uso akatazama watu, mmoja mmoja, akawaona wanavyomtazama, na ndipo alipojua kwamba kila mtu pale alikuwa amesikia kitu ambacho yeye hakukisikia. Fimbo ikamponyoka.

Nikaanza kulia. "Sikudanganya," nilisema. "Nilidhani nyoka. Sikudanganya."

Baba akaja, akanibeba. Alinukia dizeli na baridi. "Hukudanganya," akaniambia sikioni. "Wewe hujawahi kunidanganya hata siku moja."

*

Ulikuwa mpira wa upepo wa breki. Ulikuwa umekakamaa kwa uzee, na baridi ya usiku ule ilimaliza kuupasua. Mtu mmoja alitumwa na baiskeli kwenda kumwamsha fundi atoe mwingine. Baba alilala chini ya lori kuutoa ule uliopasuka, na Mama Sayi akaenda kuchuchumaa pale, gauni lake la kwendea harusi amelikusanya mapajani. Nilikuwa nimekaa karibu na tairi, sikutaka kuondoka.

"Masanja," aliita kwa sauti ya chini, isiyo yake. Baba hakujibu. Akamgonga kiatu. "Masanja! Toka nikuone."

Baba akatoka, akakaa kitako, mikono myeusi kwa grisi.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Masikio."

Baba alitazama mikono yake. "Msimu wa tatu huu. Sauti nene nazisikia. Injini naisikia, ng'ombe namsikia, wewe nakusikia."

"Mimi hata maiti wananisikia. Nyembamba je?"

"Nyembamba zimekwenda."

"Na umekuwa unanibebea watu misimu mitatu, kengele ya breki huisikii?"

"Nilikuwa naisikia kwa huyu." Akanionyesha kwa kidevu.

Mama Sayi akanigeukia. Mimi nilikuwa najaribu kuelewa. Nyenje ni kengele? Na baba alikuwa hamsikii? Mchezo wetu ulianza kubadilika umbo kichwani mwangu, nikaona hofu, kisha, nashangaa hata sasa kukumbuka, nikaona fahari kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kumbe hakuwa ananichezesha. Alikuwa ananiuliza kweli.

"Una hasira na mimi, Mama," baba alisema. "Una haki. Funguo hizi hapa."

"Nina hasira," Mama Sayi alisema. "Kule njiani kuna mteremko wa kuingia mtoni. Ungeufikia bila breki, na dada zangu wote wako nyuma." Akafuta jasho puani ingawa kulikuwa na baridi. "Lakini nakwambia kitu. Ulikuwa hujaondoka. Watu wana haraka, mimi mwenyewe natazama saa, na wewe hukuondoka kwa sababu mtoto wa miaka saba amesema nyenje hajanyamaza. Nimekuwa na madereva wenye masikio mazima wasiongoja chochote."

Akasimama kwa kujisukuma na tairi. "Leo utaendesha, mikono yako naijua. Huyu mtoto atakaa katikati yetu. Jumatatu unakwenda hospitali, na mimi nakwenda na wewe. Ukikataa, hapo ndipo nitachukua funguo."

"Wabeja, Mama," baba alisema. Asante. Sauti yake ilikuwa ndogo, mara ya kwanza kuisikia ndogo.

Mpira ulipofungwa na lori kuwashwa tena, watu wote walijipanga kuzunguka kebini, wakingoja nyenje. Alilia, akalia, akanyamaza. Vilipigwa vigelegele ambavyo sijui kama bibi harusi mwenyewe alivipata. Nikapandishwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri na lori lile. Joto la injini lilipita kwenye sakafu hadi kwenye nyayo zangu. Mama Sayi alinikamata kiunoni, nyuma wanaimba, mbele pamba nyeupe pande zote mbili za barabara, na baba kila baada ya muda alinitazama.

"Linasema nini?"

"Linasema limefurahi."

"Waambie wa nyuma."

Nikachungulia dirishani nikawaambia. Kwenye mteremko wa mtoni baba alikanyaga breki, lori likapiga chafya yake, psssh, likatii, likashuka polepole kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Mama Sayi alikuwa amefumba macho. Tulifika Kimali jua limepanda, ndugu wa bibi harusi wamenuna kwa kungojeshwa. Lakini mtu mmoja akawasimulia habari za nyoka, mwingine akaigiza jinsi shangazi alivyoruka, na shangazi mwenyewe akainuka kukanusha, na kufikia wakati wa chakula ukumbi mzima ulikuwa unamwita baba Masanja Nzoka. Alicheza siku ile. Alicheza karibu na ngoma ile nene, ya kwake, ile aliyoisikia vizuri.

*

Walikwenda hospitali Jumatatu, wakapelekwa Mwanza, wakarudi, wakaenda tena. Daktari alimwambia injini ndizo zilizokula zile sauti, miaka mingi ya boneti wazi na kichwa ndani. Hazirudi, lakini kuna kifaa. Siku alipokuja nacho kimetundikwa nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya hindi bichi, mama alimwuliza kama kinafanya kazi. Baba alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Minza," akasema, "punguza sauti." Mama alicheka, akakaa chini, akalia kidogo, kisha akajaribu kuongea polepole na akakuta amesahau inavyofanywa. Ilimchukua majuma.

Asubuhi iliyofuata nilisikia lori linawashwa na mimi niko kitandani. Hakuna aliyenishika kidole. Lilitetemeka, likagonga, mbeho, mbeho, nikavuta shuka kichwani. Baba sasa anasikia mwenyewe, nikawaza. Kazi yangu imekwisha. Nililia kwa ule wivu wa watoto ambao hauna hata mtu wa kulaumiwa.

Mlango ukafunguliwa. "Minza, mbona hujaja?"

"Si unasikia mwenyewe."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nasikia makelele tu," alisema. "Nyenje naye ana sauti mbaya, hukuniambia. Vaa sweta. Leo kuna nafasi mbele."

Ilikuwa safari ya kwenda Busega, kupeleka magunia ya mbegu, na mama aliniruhusu kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Tulitoka lori likiwa na moto mzuri. Utingo alipanda njiani, akalala juu ya mzigo. Jua lilikuwa limetoka tulipofika karibu na Mwamanyili, kwenye mashamba ya mpunga, yale ya mwishomwisho ambayo hayakuwa yamevunwa bado, ya rangi ya dhahabu na ukungu umekaa katikati yake. Baba akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya asubuhi ya baridi: akazima injini katikati ya safari.

"Ni nini hicho?" akauliza.

Sikujua anauliza nini. Kulikuwa na ndege tu, maelfu ya wale wadogo wanaokula mpunga, wanalia wote kwa pamoja, na watoto wanaowafukuza wakipiga makopo.

"Ndege, Baba."

"Wote hao?"

"Ndiyo."

"Wanalia hivyo kila siku?"

"Kila siku."

Alifungua mlango, akashuka, akatembea hadi kwenye ukingo wa shamba, akakaa kwenye nyasi zenye umande bila kujali suruali. Nikaenda kukaa naye. Utingo aliinua kichwa juu ya magunia, akatuona, akalala tena. Baba alifumba macho. Ndege waliinuka kwa kundi, wakatua, wakainuka. Kila walipoinuka sauti ilipanda, na kila ilipopanda uso wake ulibadilika, kama mtu anayetekenywa na hataki kucheka mbele za watu.

Nyuma yetu, kwenye njia ya ng'ombe, alikuja msichana mdogo, pengine wa miaka mitano, ana kopo lake na kijiti. Alitupita karibu sana, akatuogopa kidogo, akasalimia kwa sauti ndogo kama uzi, hata mimi nilitaka kugeuka nione kama kweli amesema.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, ng'wanone," baba alimwitikia kama mwanawe, hajafumbua macho, kabla mimi sijafungua mdomo.